Nafasi Tupu katika Anwani za Wavuti

Nafasi iachwayo baina ya neno na neno haina sauti wala umbo. Walakini ilipoingia katika anwani za wavuti ilihitaji sheria yake.

Mwezi wa Desemba, 1994, Tim Berners-Lee, Larry Masinter na Mark McCahill walitoa waraka wa RFC 1738, uliokataza nafasi ndani ya anwani. Sababu yao haikuhusu mashine peke yake. Anwani inaponakiliwa au kupigwa chapa, nafasi yenye maana huweza kupotea, na isiyo na maana huweza kuingia. Kwa hiyo nafasi huandikwa %20, kwani katika orodha ya alama za ASCII namba yake ni 32, nayo kwa hesabu ya msingi wa 16 ni 20.

Lakini fomu zijazwazo katika kurasa zilikuwa na desturi nyingine, iliyothibitishwa na kanuni za HTML za mwaka 1995: huko nafasi hugeuzwa kuwa alama ya kujumlisha. Hapo ndipo lilipozaliwa kosa ambalo halijakwisha. Namba ya simu ya Tanzania huanza kwa +255. Ikipelekwa bila ya alama ile kuandikwa %2B, programu inayoipokea husoma nafasi mahali pake, na namba huharibika.

Shida kubwa zaidi imo katika ombi la HTTP. Mstari wake wa kwanza una kitendo, anwani na toleo, na kinachozitenga sehemu hizo ni nafasi. Nafasi ikiwamo ndani ya anwani, msomaji hajui anwani inaishia wapi. Programu nyingine, kwa kufuata shauri la Jon Postel la mwaka 1980 la kuwa mwangalifu katika kutuma na mvumilivu katika kupokea, zilisahihisha zenyewe. Uvumilivu huo una hatari: mlinzi aliye njiani akisoma anwani moja, na seva ikasoma nyingine, mwovu hupita katikati yao. Ndiyo maana RFC 7230 ya mwaka 2014 iliwashauri wapokeaji wasilisahihishe ombi bovu kimya kimya, bali walikatae, au wamwelekeze mtumaji kwenye anwani iliyoandikwa sawasawa.

Vivinjari vifuatavyo kanuni ya WHATWG huondoa nafasi za mwanzo na za mwisho, na iliyo katikati ya njia huigeuza kuwa %20 kabla ya kutuma. Hapo uvumilivu hauna madhara hayo, maana anwani haijapita bado katika mikono ya wengine. Yafaa basi sahihisho lifanywe mwanzoni mwa safari. Kwani anwani isomwayo kwa namna mbili si anwani moja tena.