Mboga za Wakulima Weusi: Kutoka Mississippi hadi Detroit

Mwaka 1920 Marekani ilikuwa na wakulima Weusi zaidi ya 925,000. Katika kila wakulima saba wa nchi hiyo, mmoja alikuwa Mweusi. Sensa ya kilimo ya 2022 haikuwakuta hata 50,000. Ardhi iliwaponyoka kwa vitisho na mauaji, kwa mashamba ya urithi yasiyo na wosia kupigwa mnada, na kwa maofisa wa Wizara ya Kilimo waliowanyima mikopo au kuichelewesha hadi msimu wa kupanda ukapita. Suala la mikopo lilifikishwa mahakamani katika kesi ya Pigford, na mwaka 1999 serikali ikakubali kulipa fidia.

Muda mrefu kabla ya hapo watoto wao walikuwa wameanza kuhamia Chicago, Detroit na miji mingine ya kaskazini. Mabenki yakaitenga mitaa yao, Wazungu wakahamia vitongoji vipya, na supamaketi zikawafuata huko. Mkulima akabaki hana shamba, mlaji hana soko. Anayewalaumu wakazi wa mitaa hiyo kwa kutokula mboga anawadhulumu mara ya pili.

Fannie Lou Hamer aliyaelewa haya mwilini mwake. Alizaliwa 1917, kitinda mimba wa watoto 20 wa wazazi waliolima pamba kwa kugawana mavuno na mwenye shamba, mgawo uliomwachia mkulima deni kila mwaka. Alipojaribu kujiandikisha kupiga kura mwaka 1962, alifukuzwa kwenye shamba alilolitumikia miaka 18. Aliona wazi kwamba anayeshika chakula chako anashika na ulimi wako.

Mwaka 1969, katika wilaya ya Sunflower, Mississippi, akaanzisha ushirika wa Freedom Farm kwa ekari 40. Udongo wa huko una rutuba ajabu, lakini pamba ilitawala huku watu wakishinda njaa. Ushirika ukapanda bamia, kunde, maharage na mboga za majani kwa ajili ya familia, na pamba na soya za kuuza ili kulipia ardhi. Ada ilikuwa dola 1 kwa mwezi. Wengi hawakuimudu, na bado walipata mboga. Kulikuwa pia na benki ya nguruwe: familia ilipewa jike mwenye mimba, na akishazaa, familia ilirudisha watoto wawili ili jirani naye apate.

Ushirika ulifikia ekari zaidi ya 600. Kisha mafuriko, ukame, madeni na maradhi ya Hamer vikauzidi nguvu, na katikati ya miaka ya 1970 ardhi ikapotea. Hamer alifariki 1977. Wanaushirika walijua kulima. Walichokosa ni mtaji usiotegemea hisani ya wafadhili.

Jibu mojawapo lilitoka Tuskegee, Alabama. Profesa Booker T. Whatley alimshauri mkulima mdogo aliye karibu na mji asajili wateja wanaolipa kabla ya msimu na kuja kuchuma wenyewe. Mashamba mengi ya leo yanauza kwa mtindo huo, na jina la Whatley halitajwi inavyostahili.

Jibu jingine lilitoka Detroit. Jiji hilo lenye Weusi wengi lilishuhudia maduka ya mwisho ya kampuni kubwa ya supamaketi yakifungwa 2007. Mwaka mmoja kabla, Malik Yakini na wenzake walikuwa wameunda mtandao wa usalama wa chakula wa jamii ya Weusi, wakalima bustani ya D-Town katika hifadhi ya Rouge. Mwaka 2024 duka la ushirika waliloliasisi lilifunguliwa barabara ya Woodward: linaongozwa na Weusi, linamilikiwa na wanunuzi, na kila mwanachama ana kura moja.