Kusoma Tairi: Historia ya Ubainishaji wa Kasoro za Usukani na Magurudumu Himo, Kilimanjaro

Insha hii inachunguza namna ufundi wa kubaini kasoro za usukani, springi na magurudumu ulivyobadilika Himo tangu zama za malori ya kwanza. Hoja yake kuu ni kwamba uhaba uliwalazimisha mafundi kutafuta chanzo cha kasoro, ilhali wingi wa bidhaa uliofuata umeuondoa ulazima huo, huku hatari ikiongezeka.

Himo ni mji wa njia panda. Barabara moja huenda Moshi, nyingine Same na Dar es Salaam, ya tatu Holili na Taveta, na ya nne hupanda Marangu na Rombo. Hivyo gari lililokimbia tambarare kwa mwendo mrefu hukutana hapo na gari lililoshuka mlima kwa kona na breki. Kila safari huacha alama yake kwenye tairi.

Mnamo Machi 1916 majeshi ya Uingereza chini ya Jan Smuts yalipita ukanda huu kutoka Taveta kwenda Moshi, na mvua za masika zilizofuata zikakwamisha magari yao. Baada ya vita, na hasa baada ya kuundwa kwa chama cha ushirika cha KNCU mwaka 1933, kahawa iliongeza haja ya usafiri wa malori. Magari ya zama hizo, na baadaye Land Rover, yalikuwa na ekseli gumu na springi za vyuma bapa. Kasoro zake zilijitokeza wazi: chuma cha springi kikivunjika, gari lililala upande, kingipini ikilika, gurudumu lilicheza likitikiswa kwa mkono.

Mabadiliko makubwa yalikuja mwaka 1977, Jumuiya ya Afrika Mashariki ilipovunjika na mpaka wa Tanzania na Kenya kufungwa hadi 1983. Biashara halali ya vipuri kupitia Holili ilikatika, na uhaba wa fedha za kigeni ukazidisha shida. Kiwanda cha General Tyre kilikuwepo Arusha, lakini tairi jipya halikuwa kitu cha kupatikana kila siku. Katika hali hiyo, kufunga tairi jipya bila kujua lililotangulia limeliwa na nini kulikuwa hasara mara mbili.

Utaratibu wa kubaini ulianzia chini na kupanda juu. Tairi lililolika kingo zote mbili lilishuhudia upepo mdogo. Lililolika katikati, upepo uliozidi. Kulika ukingo mmoja kuliashiria magurudumu yasiyonyooka, na mabaka yenye mashimo yalielekeza kwenye shokamzoba iliyochoka au gurudumu lisilo na balansi. Kisha gari lilipigwa jeki: gurudumu likicheza juu na chini, beringi, kingipini au boljointi ilishukiwa, likicheza kushoto na kulia, tairodi. Usukani uliotetemeka wakati wa breki tu ulimpeleka fundi kwenye breki, si kwenye tairi.

Kulegezwa kwa masharti ya biashara tangu miaka ya 1980 kulifungulia njia magari yaliyotumika kutoka Japani pamoja na tairi zilizotumika. Sehemu kubwa ya magari hayo madogo yana magurudumu ya mbele yanayojitegemea, yenye bushi na boljointi zilizofichika nyuma ya mpira. Tofauti ndogo ya mnyooko haionekani kwa jicho, bali huhitaji kipimo. Wakati huohuo tairi limekuwa rahisi kubadilishwa kuliko kuchunguzwa. Shahidi huondolewa kabla ya kuhojiwa, na mkosaji hubaki ndani ya gari.

Gharama ya kosa hilo haimwangukii mwenye gari peke yake. Boljointi ikiachia katika mteremko wa Marangu, gurudumu hulala na usukani haumtii tena dereva. Abiria hawakuwa na njia ya kujua. Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973 inataka gari liwe salama barabarani, lakini ukaguzi hutazama hali ya siku moja, na tairi jipya linaweza kuficha ugonjwa wa miezi.

Kwa hiyo historia ya Himo haionyeshi ujuzi wa kale ulioshindwa na mashine mpya. Mashine ya alaimenti hupima pembe. Tairi kuukuu hueleza gari lilivyoishi. Fundi anayelitazama kabla ya kulitupa huokoa zaidi ya mpira.