Soko la Wauzaji Mikononi mwa Mnunuzi: Ushirika wa Pamba Mkoani Mara, 1955–1994

Ushirika wa pamba nchini Tanzania huelezwa zaidi kwa kuanguka kwake: madeni, ubadhirifu, na amri ya Mei 1976 iliyovunja vyama vikuu. Insha hii inautazama kwanza kama soko, yaani mahali palipojengwa na wauzaji, kisha pakatwaliwa na yule waliyekuwa wakimuuzia.

Chanzo chake kilikuwa mizani. Katika Jimbo la Ziwa, ambalo lilijumuisha Musoma na Bunda kabla Mkoa wa Mara haujaundwa mwaka 1963, wakulima walilalamika kwamba wafanyabiashara waliwapunja uzito. Mwanzoni mwa miaka ya 1950, chini ya uongozi wa Paul Bomani huko Mwanza, walianza kupima pamba wenyewe. Vyama vya msingi viliunganishwa mwaka 1955 kuwa Shirikisho la Vyama vya Ushirika la Victoria, na kufikia mwisho wa muongo huo karibu pamba yote ya jimbo ilipita mikononi mwake. Shirikisho lilimiliki pia viwanda vya kuchambulia pamba. Hata hivyo, kwa mkulima jambo kubwa lilikuwa dogo zaidi ya kiwanda: karani aliyesoma mizani aliajiriwa na chama chake, na aliweza kuwajibishwa mkutanoni.

Kasoro hazikukosekana. Kamati ya Rais ya mwaka 1966 ilikuta udhaifu mkubwa wa uendeshaji katika vyama vya ushirika, na mwaka 1968 Shirikisho likapisha Chama Kikuu cha Nyanza. Lakini tiba iliyofuata haikulenga ugonjwa huo. Sheria ya mwaka 1975 ilikifanya kijiji kuwa chama cha ushirika, hivyo mvuvi wa Musoma asiye na shina la pamba akawa mwanachama sawa na mkulima wa Bunda. Mwaka uliofuata vyama vikuu vilivunjwa bila kura ya wanachama. Mamlaka ya Pamba, iliyoundwa mwaka 1973, ikanunua moja kwa moja vijijini na kushika viwanda.

Ulinganisho wa mbali unasaidia kuona kilichopotea. Novemba 2019 kampuni ya LEGO ya Denmark, itengenezayo vitufali vya kuchezea, ilitangaza kununua BrickLink, soko la mtandaoni lililoanzishwa mwaka 2000 na mpenzi wa vitufali hivyo, Dan Jezek, ambamo maelfu ya watu waliuziana vipande vilivyotumika. Wauzaji hao walilijaza soko bidhaa na maarifa, lakini hawakuwa na hisa. Aliyeuza ni mwenye kampuni, naye alilipwa. Wakulima wa Mara walikuwa na hisa, na hawakuulizwa kama wanauza. Ndiyo maana neno “kuvunjwa”, lililozoeleka katika maandishi yetu, linapotosha kidogo: mizani, maghala na viwanda viliendelea kufanya kazi. Kilichobadilika ni nani aliyeajiri karani.

Julius Nyerere, mzaliwa wa Butiama, ambaye serikali yake ndiyo iliyotoa amri hiyo, alisema mwaka 1984 kwamba kama angeanza upya asingeuvunja ushirika. Wakati huo sheria ya mwaka 1982 ilikuwa imekwisha kuvirejesha vyama vikuu, na Mara nayo ikapata chake. Lakini virejeshwavyo kutoka juu havirudi vilivyokuwa. Vijiji viliendelea kuwa msingi wa uanachama, na ushirika wote uliwekwa chini ya jumuiya ya Chama Cha Mapinduzi. Uanachama wa hiari ulirudishwa na sheria ya mwaka 1991. Miaka mitatu baadaye biashara ya pamba ilifunguliwa kwa watu binafsi, na ushirika uliokuwa umelemewa na madeni ukakutana na wanunuzi waliokuja na fedha taslimu na mizani yao wenyewe.