Sanduku la Nguo: Historia ya Kanzu, Kofia na Khanga Zetu

Wengi wetu tunaoishi nje, iwe Maskati, London au Toronto, tuna sanduku au begi moja ndani ya nyumba ambalo halifunguliwi ila kwa harusi, Idi au msiba. Mna kanzu mbili tatu, kofia ya mkono, pengine na joho la marehemu babu, na doti za khanga ambazo hazijakatwa wala kupindwa. Watoto wetu wanalijua sanduku hilo kwa harufu yake tu. Katika makala haya tunataka kueleza vitu hivyo vimetoka wapi, vilishonwaje hata vikadumu, na kwa nini si haki viishie katika mfuko wa nguo kuukuu mlangoni.

Tuanze na sanduku lenyewe, maana kabati ni jambo geni kwetu. Sayyida Salme binti Said, aliyezaliwa Mtoni mwaka 1844 na kuondoka Unguja mwaka 1866, aliandika kumbukumbu zake zilizochapishwa Ujerumani mwaka 1886. Humo anaeleza kwamba katika vyumba vya jumba la baba yake hamkuwa na makabati. Nguo ziliwekwa katika makasha makubwa ya mbao nzito, yenye njumu za shaba na visaraka vya siri. Makasha ya namna hii yalikuja kwa majahazi kutoka Bara Hindi. Sisi tuliosomea uhandisi tukiyatazama tunaona mara moja kwamba fundi wake alijua adui ni nani. Mbao nzito haipitishi unyevu upesi, kifuniko kinakaa sawasawa hata mende na nondo hawapati njia, na kasha limeinuliwa juu ya miguu ili hewa ipite chini yake. Mji wa pwani una joto, chumvi na unyevunyevu, na vitu vitatu hivyo ndivyo vinavyoozesha pamba.

Kupenda nguo njema si jambo la juzi. Katika magofu ya Kilwa wachimbaji wa mambo ya kale wameokota vigae vilivyotobolewa katikati, vilivyokuwa uzito wa pia za kusokotea nyuzi. Ibn Battuta alipofika Mogadishu mwaka 1331 alikuta nguo zinazofumwa pale zikisafirishwa hadi Misri, na yeye mwenyewe akapewa vazi la heshima: kitambaa cha hariri cha kujifunga kiunoni, kanzu ya kitani cha Misri, joho lenye bitana na kilemba cha darizi. Mwenye kumtazama leo bwana harusi wa Lamu au Unguja ataona kwamba mpango wa vazi haukubadilika sana kwa karibu miaka 700.

Kilichobadilika ni kitambaa. Mwaka 1833 Sayyid Said bin Sultan alitia saini mkataba wa biashara na Marekani, na mwaka 1837 akafika Unguja balozi wa kwanza wa nchi hiyo, Richard Waters, mfanyabiashara kutoka Salem, Massachusetts. Meli za Salem zilileta shuka za pamba zisizopaushwa, nzito na imara, na watu wakaziita merekani. Mwaka 1840 Sayyid naye alipeleka meli yake, Al-Sultana, hadi New York chini ya Ahmad bin Naaman, nayo ikarudi na shehena ya merekani vilevile. Vita vya wenyewe kwa wenyewe vya Marekani, kati ya 1861 na 1865, vilipokata pamba, viwanda vya Uingereza na Bombay viliingia mahali pake. Kitambaa kikabadili kwao, jina likabaki.

Hapa, ndugu wasomaji, inafaa tuseme ukweli ambao mara nyingi tunaupitia mbio. Merekani hiyo, na kaniki iliyotiwa rangi ya nili, ndizo zilizokuwa nguo za watumwa. Unguja ya karne ya 19 ilikuwa mji ambao hali ya mtu ilisomeka kwa vazi lake. Kanzu, kofia na viatu vilikuwa vya waungwana. Mtumwa hakuruhusiwa kufunika kichwa wala kuvaa viatu. Amri ya tarehe 6 Aprili 1897 iliondoa utumwa kisheria Unguja na Pemba, ingawa masuria waliachwa nje yake hadi mwaka 1909. Watu walioachwa huru hawakungoja waandikiwe heshima na mtu. Wanaume walivaa kanzu na kofia, wanawake waliiacha kaniki wakajifunga khanga, na baadaye wakajitanda buibui. Kwa hiyo kanzu iliyomo sandukuni mwetu ni vazi la waungwana na pia ni vazi la watu waliolidai. Wengi wetu damu yetu inatoka pande zote mbili, na si vyema kukumbuka upande mmoja tu.

Khanga yenyewe ilizaliwa katika miaka hiyohiyo. Mwanzo wake ulikuwa leso za mraba zilizonunuliwa kwa jora na kuunganishwa kwa sindano, kisha wenye maduka wakaagiza kitambaa kizima chenye pindo na mji. Yule Kaderdina Hajee Essak wa Mombasa, aliyeanza biashara mwaka 1887, ndiye anayetajwa sana kwa kutia maneno, na alama ya Mali ya Abdulla mama zetu waliijua kama wanavyojua majina ya watoto wao. Maneno yaliandikwa kwa herufi za Kiarabu kabla ya hizi za Kirumi. Khanga zilipigwa chapa Uingereza, Uholanzi, India na Japani, na baada ya uhuru zikatengenezwa nyumbani pia, kama vile katika kiwanda cha Urafiki, Dar es Salaam, kilichofunguliwa mwaka 1968 kwa msaada wa China.

Sasa tuje kwenye ufundi. Kanzu ya zamani imekatwa kwa mistari iliyonyooka, kitambaa hakipotei. Kuna badani mbele na nyuma, taharizi ubavuni za kuongeza upana, kaba shingoni, sijafu mikononi, na chini ya mkono kipande kidogo kiitwacho kikwapa. Kikwapa hicho mtu anaweza kukidharau, lakini ndicho kinachobeba kazi. Ukiinua mkono, nguvu yote ya kuvuta ingeangukia mshono mmoja. Kikwapa kinaigawa kwenye mishono minne, na kwa kuwa kimekatwa upogo, kitambaa kinanyumbuka badala ya kuchanika. Kanzu nyingi za rahisi zinazouzwa siku hizi hazina kikwapa, na pa kwanza kupasuka ni papo hapo.

Kofia ya viua nayo ina hesabu yake. Matundu yake madogo, moja moja, huzungushiwa uzi kwa mkono, na kofia moja huchukua wiki nyingi, hata miezi. Uzi ule unakaza ukingo wa tundu usifumuke, na tundu linatoa joto la kichwa. Ndiyo maana kofia njema hurithiwa.

Kutunza kulikuwa elimu ya nyumbani. Nguo nyeupe ililowekwa, ikafuliwa kwa sabuni ya kipande, ikasuuzwa kwa maji yenye buluu kidogo, maana pamba ikizeeka huelekea unjano na buluu huufuta machoni. Kisha ikatiwa kanji ya muhogo, ikaanikwa, ikapigwa pasi ya makaa ingali na unyevu. Kofia ilikaushwa juu ya kitu cha mviringo kinacholingana na kichwa ili isipoteze umbo. Joho halikufuliwa ovyo. Lilianikwa kivulini, likapigwa vumbi taratibu. Halafu nguo zikafukizwa udi juu ya chetezo na kupangwa kashani pamoja na maua ya mkadi.

Sisi tuliokuwa skuli mwanzoni mwa miaka ya 1980 tunakumbuka jinsi vitambaa vilivyokuwa adimu Tanzania. Kanzu ya Idi iliyopita ilishushwa upindo, ukosi uliochakaa ukageuzwa, na khanga iliyopauka ikawa ya jikoni, kisha mbeleko, mwisho kitambaa cha kupangusia. Hakuna aliyeita hayo umasikini. Tulilelewa kujua kwamba usipoziba ufa utajenga ukuta, na ufa wa nguo huzibwa kwa sindano.

Kwa wanaotaka kuwa na sanduku lao huku tuliko, shauri letu ni fupi. Kanzu mbili za pamba tupu zilizoshonwa kwa kipimo chako zinashinda sita za nailoni, ambazo hushika jasho na hazikubali kanji. Tafuta kofia moja ya mkono, ulipe anavyostahiki mshonaji. Usihifadhi nguo yenye kanji, kwa sababu wadudu huifuata. Isuuze kwanza, uitie kanji siku ya kuivaa. Usiifunge katika mfuko wa plastiki, hasa katika nchi za baridi ambako ukuta hutoka maji. Ifunge kwa shuka ya pamba. Khanga zikunjue mara mbili kwa mwaka na ubadilishe mikunjo, kwani uzi hukatika pale unapokunjwa siku zote.

La mwisho ni la wazee wetu. Mtu anapofariki nguo zake hutolewa sadaka, na hilo ni jema. Lakini wengi wa wazee waliokuja nazo kutoka nyumbani wangali hai, na wanajua khanga ile ilikuwa ya harusi ya nani, na kofia ile ilishonwa na mkono wa nani. Waulizeni sasa. Andikeni jina, mji na mwaka katika kipande cha kitambaa cheupe, mkishone upande wa ndani kwa uzi wa pamba. Nguo yenye jina lake haitupwi na mtoto, hata kama hajui kuivaa.