Kurejesha mafaili baada ya usakinishaji wa mfumo endeshi kushindikana

Kurejesha mafaili ni kazi ya kuyatoa tena mafaili kwenye diski ya kompyuta iliyokataa kuwaka, au inayoonekana tupu, baada ya usakinishaji wa mfumo endeshi kukatika au kukosewa. Kazi hii ina uzito wa pekee mahali kama Digodigo, kata ya Wasonjo (Watemi) wilayani Ngorongoro, mkoani Arusha. Huko mtaalamu wa diski yuko mbali, na takwimu za shule, hesabu za kikundi au sauti za wazee zilizorekodiwa kwa Kitemi huenda zikawa kwenye kompyuta moja tu.

Sababu. Usakinishaji hukwama umeme unapokatika, flashi ikiwa na kasoro au diski ikiwa imechakaa. Mara nyingine fundi huchagua sehemu ya diski isiyokusudiwa na kuifomati.

Hali ya data. Fomati ya haraka hufuta orodha inayoonyesha mafaili yalipo, lakini yaliyomo hubaki hadi data nyingine iandikwe juu yake. Jedwali la GPT, linalogawa diski, lina nakala mwishoni mwa diski, hivyo likiharibika mwanzoni huweza kujengwa upya. Fomati kamili ya Windows, tangu toleo la Vista, huandika sifuri kote na haiachi kitu. Kwenye diski za SSD, amri ya TRIM yaweza kufuta mabaki hayo kwa muda mfupi.

Hatua. Kwanza, kompyuta izimwe. Kurudia usakinishaji huweza kuangamiza mafaili mengi kuliko hitilafu ya awali.

Pili, iwashwe kwa flashi yenye Linux, kwa mfano Ubuntu, mfumo ulioanzishwa mwaka 2004 na Mark Shuttleworth wa Afrika Kusini, kwa kuchagua kuujaribu bila kuusakinisha. Mafaili yakionekana, yanakiliwe kwenye diski ya nje. Windows ikiwa imewekwa juu ya nyingine bila kufomati, yatafutwe ndani ya folda ya Windows.old, ambayo kwa kawaida Windows 10 na 11 huifuta baada ya siku 10.

Tatu, yasipoonekana, diski nzima inakiliwe kwa programu ya ddrescue na kazi ifanyike kwenye nakala hiyo. TestDisk hutafuta sehemu za diski zilizopotea. PhotoRec hutambua faili kwa alama zake za mwanzo; picha ya JPEG, kwa mfano, huanza na baiti FF D8 FF. Majina na folda kwa kawaida hupotea. Programu hizi mbili, kazi ya Christophe Grenier, ni za bure na hubebeka kwenye flashi, hivyo hufaa palipo na intaneti hafifu.

Mipaka. Faili lililoandikiwa data nyingine juu yake halirudi. Diski iliyofungwa kwa BitLocker, kifungio cha Windows, kwa kawaida huhitaji ufunguo wake wa urejeshaji wa tarakimu 48. Diski inayotoa mlio wa kugonga izimwe mara moja na kupelekwa kwa mtaalamu.

Faragha. Anayempa fundi diski humpa pia siri za watu wengine. Sheria ya Ulinzi wa Taarifa Binafsi ya mwaka 2022, iliyoanza kutumika Tanzania tarehe 1 Mei 2023, inawalinda wenye taarifa hizo.

Kinga. Kabla ya kusakinisha, mafaili yanakiliwe mahali pawili, pamojawapo pakiwa nje ya jengo, na nakala zifunguliwe kuhakikisha zinasomeka. Kompyuta mpakato iwe na betri iliyojaa na iwe kwenye chaji. Diski ya nje moja hugharimu kidogo kuliko kumbukumbu isiyo na pacha.