Amani ya Uwanjani na Amani ya Nyumbani: Funzo Kutoka Liberia

Tarehe 31 Oktoba 2000 Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa, likiwa chini ya uenyekiti wa Namibia, nchi yenye Walutheri wengi, lilipitisha Azimio namba 1325. Azimio hilo lazitaka serikali ziwashirikishe wanawake katika kuzuia vita na kufanya mapatano, tena ziwalinde dhidi ya ukatili. Hata hivyo, baadhi ya nchi tajiri zililisoma kana kwamba liliandikwa kwa ajili ya wengine. Uingereza, kwa mfano, ilitoa mpango wake wa kwanza mwaka 2006 bila kuihusisha Ireland ya Kaskazini, ambako watu wapatao 3,500 walikuwa wameuawa katika mgogoro wa miaka thelathini.

Je, serikali ikilileta azimio hilo nyumbani kwake, hutokea nini? Tumeichagua Liberia, kwa kuwa habari zake zaligusa Kanisa letu moja kwa moja.

Usiku wa tarehe 29 Julai 1990, askari wa serikali ya Samuel Doe waliwaua watu wapatao 600 waliokuwa wamekimbilia katika Kanisa la Kilutheri la Mtakatifu Petro, Monrovia. Miaka kumi na mitatu baadaye, Leymah Gbowee, Mlutheri aliyekuwa amehudumu katika kazi ya Kanisa ya kuwaponya waliojeruhiwa nafsi na vita, alikuwa miongoni mwa viongozi wa wanawake waliodai amani. Kuanzia Aprili 2003 wanawake hao, Wakristo na Waislamu pamoja, waliketi uwanjani wamevaa nguo nyeupe, juani na mvuani. Mwezi Julai wenzao waliuzingira ukumbi wa mazungumzo huko Accra ili wajumbe wasitoke bila kupatana. Mkataba ulitiwa sahihi tarehe 18 Agosti 2003.

Bunduki ziliponyamaza, ilibaki kazi ya nyumbani. Sheria mpya ya ubakaji ilipitishwa mwaka 2005. Januari 2006 Ellen Johnson Sirleaf aliapishwa kuwa rais, mwanamke wa kwanza kuchaguliwa kuongoza taifa la Afrika. Mwaka 2008 iliundwa mahakama maalumu ya makosa ya kujamiiana, na Machi 2009 Liberia ikazindua mpango wake wa kulitekeleza Azimio 1325 ndani ya mipaka yake. Hapa twaona serikali iliyokubali kwamba neno hilo linaihusu yenyewe.

Lakini sheria si haki. Mahakama ile ilikuwa Monrovia, na mashauri yakarundikana. Familia nyingi zilipatana kimyakimya, mkosaji akaenda zake. Agosti 2020 wanawake walirudi barabarani, na mwezi uliofuata Rais George Weah akatangaza ubakaji kuwa janga la taifa. Aidha, baada ya uchaguzi wa mwaka 2023 wanawake bungeni walikuwa takribani mmoja kati ya kumi. Waliouleta mkataba hawakupewa nafasi ya kutosha katika kuilinda amani waliyoileta.

Tusiwahukumu Waliberia kwa wepesi, maana kosa hilo lipo pia mlangoni petu. Ni nani kati yetu wachungaji asiyewahi kuombwa na wazee ayamalize kifamilia mambo ya binti aliyedhulumiwa, ili jina la ukoo au la usharika lisichafuke? Tumeita jambo hilo upatanisho. Kwa kweli ni kumnyamazisha aliyeumizwa, na theolojia yetu ya msamaha tumeifanya kuwa kifuniko. Msamaha wa Injili hauifichi dhambi, huitaja kwanza. Wala mchungaji si hakimu wa kufuta kosa la jinai.

Yesu alisimulia habari za mjane aliyemwendea kadhi dhalimu tena na tena. Tumezoea kuihubiri habari hiyo kama fundisho la kudumu katika kuomba, nayo ndivyo ilivyo. Lakini mjane yule alidai haki katika mji wake mwenyewe, mbele ya mwenye mamlaka wa mji huo. Serikali itakayolitimiza Azimio 1325 ni ile itakayomsikia mjane wa mjini mwake. Kanisa nalo halina budi kujiuliza: mjane huyo anapopita mlangoni petu akielekea mahakamani, je, twamsindikiza, au twamrudisha nyumbani?