Utafiti wa Barabara na Ukombozi wa Uchumi Kusini mwa Afrika

Ramani ya barabara na reli tulizorithi kwa mkoloni inaonyesha wazi shabaha yake: njia nyingi zinatoka mashambani na migodini kwenda bandarini, na chache mno zinamwunganisha Mwafrika na jirani yake. Hilo tumelifundisha mara nyingi. Tusilolieleza vya kutosha ni kwamba tulirithi pia elimu ya barabara isiyotokana na ardhi yetu. Makala hii inaeleza jinsi nchi za kusini mwa Afrika zilivyojaribu kuuondoa utegemezi huo kwa kufanya utafiti kwa pamoja.

Somo la mwaka 1965

Tarehe 11 Novemba 1965 walowezi wa Rhodesia walijitangazia uhuru wao wa kibaguzi. Zambia, nchi isiyo na bahari, ikakosa njia yake ya mafuta. Mafuta yakabebwa kwa malori kutoka Dar es Salaam, na sehemu kubwa ya safari hiyo ilikuwa barabara ya udongo. Mvua ziliponyesha barabara iligeuka tope. Malori yalipinduka na madereva walipoteza maisha. Bomba la TAZAMA la mwaka 1968 na reli ya TAZARA iliyojengwa kati ya 1970 na 1975 vilipunguza mzigo huo. Lakini somo lilibaki: taifa huru lisiloijua ardhi linayojenga juu yake linaweza kukabwa kwa urahisi.

Vipimo vya nani?

Kipimo cha CBR, ambacho wahandisi wetu hupimia nguvu ya udongo, kilianzia California mwishoni mwa miaka ya 1920. Majaribio makubwa ya AASHO yalifanyika Illinois, Marekani, kati ya 1958 na 1960, juu ya aina moja ya udongo, mahali ambapo ardhi huganda kwa baridi. Kanuni zake zikasambazwa duniani. Kwetu, adui wa barabara ni maji ya mvua, na ule udongo mweusi wa mfinyanzi unaovimba ukilowa na kupasuka ukikauka.

Kanuni za namna hiyo zilikataa changarawe nyingi za kwetu. Ikabidi kupasua mawe na kuyasafirisha kutoka mbali, gharama zikapanda, na kijiji kikakosa barabara. Kwa hiyo suala la kipimo ni suala la kisiasa. Kipimo kikali kuliko mahitaji hulipwa na mkulima, kwa mazao yanayoozea shambani.

Kati ya 1971 na 1974 maabara ya barabara ya Uingereza, TRRL, ilifanya utafiti nchini Kenya kuhusu uchakavu wa barabara na gharama za magari. Matokeo yake yaliingia katika hesabu za kupima ni barabara ipi inastahili fedha. Faida ilikuwapo, wala hatuikatai. Lakini barabara zilizopimwa zilikuwa za Afrika, na hesabu zilitengenezwa Uingereza.

Kuunganisha nguvu

SADCC ilipoanzishwa Lusaka tarehe 1 Aprili 1980 na nchi tisa, usafirishaji ulipewa nafasi ya mbele, na tume yake, SATCC, ikawekwa Maputo. Shabaha ilikuwa kupunguza utegemezi, hasa kwa Afrika Kusini ya makaburu. Botswana ilichunguza changarawe ya chokaa ya Kalahari na kuithibitisha kuwa inafaa chini ya lami. Aina ya lami iitwayo Otta, iliyobuniwa Norway miaka ya 1960 na inayokubali kokoto za kawaida, ilijaribiwa na kuenea.

Makaburu walipoanguka mwaka 1994, hali ilibadilika. Maabara za Pretoria, zilizowahi kuutumikia utawala wa kibaguzi, zilishiriki kuandaa rasimu za kanuni za SATCC za mwaka 1998 za barabara na madaraja. Hapa kuna fundisho: chombo cha elimu humtumikia anayekimiliki. Mwaka 2003 SADC ikatoa mwongozo wa barabara za lami zenye magari machache, uliotokana na uzoefu wa nchi zenyewe, na uliozikubali changarawe zilizokuwa zikikataliwa.

Madaraja nayo yanashuhudia. Daraja la Umoja juu ya mto Ruvuma, lenye urefu wa mita 720, lilifunguliwa mwaka 2010 kati ya Tanzania na Msumbiji. Lile la Kazungula, kati ya Zambia na Botswana, lilifunguliwa mwaka 2021. Daraja la nchi mbili halijengeki bila kukubaliana kwanza uzito wa magari yatakayopita juu yake.

Wajibu wetu

Hata hivyo tusijidanganye. Sehemu kubwa ya utafiti huu imegharimiwa na wafadhili wa nje. Mpango wa Uingereza wa barabara za vijijini, ulioanza mwaka 2008, ulifikia mwisho mwaka 2020. Barabara huzeeka kwa miaka mingi, na jaribio lisilofuatiliwa baada ya mfadhili kuondoka hupoteza maana yake.

Kwa hiyo makada katika halmashauri waulize, kila bajeti inapojadiliwa, ni kiasi gani kimetengwa kupima barabara zilizokwisha kujengwa. Wanafunzi wa uhandisi nao wazisome barabara za wilaya zao pamoja na vitabu. Kujitegemea katika barabara kutaanza pale ambapo kumbukumbu za vipimo zitaandikwa, zitahifadhiwa na kutumiwa na sisi wenyewe pamoja na majirani zetu.